Nani Atakataa Zaidi

Mimi si mtu wa kushindana. Muulize yeyote hapa Haldis atakwambia: Bryce Torvik hana wivu, hana makuu, na hajawahi kukosa usingizi kwa sababu jirani kashiba. Nayasema haya mapema kwa kuwa katika habari hii yumo mtu mwenye wivu hadi masikio yanatoa mvuke, na nisingependa atufananishe mtu. Jina lake Trent Solberg.

Kutufananisha ndiyo kazi ya mji huu. Sijui wanaangalia nini. Kweli, tulizaliwa wiki moja, hospitali moja. Kweli, tulimaliza sekondari mwaka mmoja, tukaajiriwa kiwanda kimoja cha sukari, kitengo kimoja, zamu moja. Wote tuna nywele za rangi ya majani makavu na masikio yanayopigwa na baridi kabla ya masikio ya mtu mwingine yeyote Minnesota. Wote tunaendesha pikapu za kijivu. Lakini yangu ni kijivu cha wingu la mvua, na yake ni kijivu cha maji yaliyooshea vyombo. Mwenye macho anaona. Mama yake aliwahi kunikumbatia kwa nyuma dukani. Nilipogeuka akasema, "Aa, kumbe ni wewe," kwa sauti ya mtu aliyefungua zawadi akakuta soksi.

Trent ana tabia moja ya ajabu. Tajiri wa hapa, mwenye mashamba mpaka jicho linachoka, akinunua ndege, Trent anasema hongera. Mimi nikinunua glavu mpya, Trent halali. Najua halali kwa sababu taa yake huwa inawaka, na mimi huwa naiona nikiwa dirishani kwangu.

Lakini tusimlaumu sana, kalelewa hivyo. Haldis tuna makanisa mawili, yote ya Kilutheri, yote meupe, yote ya babu zetu kutoka Norwe. Kuna Kanisa la Mashariki, ambalo ni letu, na ng'ambo ya barabara kuna Kanisa la Magharibi, ambalo ni la wale. Tunaimba nyimbo zilezile, tunakunywa kahawa ileile nyepesi inayoonyesha kitako cha kikombe. Waligawanyika enzi za babu wa babu. Kwa nini, hakuna anayekumbuka. Lakini hakuna aliyesahau. Wabaptisti tunawapenda sana. Wakatoliki tunacheza nao karata. Ila mtu wa Magharibi akipaka rangi mlango wa kanisa lake, sisi siku ya pili tuko juu ya ngazi na brashi.

Na hapa kwetu huwezi kusema unataka kitu. Hiyo ndiyo sheria, haijaandikwa popote kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana ndiye mwandishi. Ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa, ila kwa sauti ya chini kidogo. Ya tatu unasema, "Basi, nusu kikombe, kama ipo ya kumwaga." Keki ikibaki kipande kimoja kwenye sinia, hakuna anayekichukua. Mmoja atakata nusu. Mwingine atakata nusu ya nusu. Nimeona watu wazima wenye shahada wakigawana chembe kwa kisu, wakiangaliana kama majambazi. Mahali ambapo kujisifu ni haramu, watu hawaachi kushindana. Wanashindana nani mnyenyekevu zaidi, na mashindano hayo, ndugu yangu, hayana refa.

Sasa, cheo kikubwa kuliko vyote Haldis si umeya. Ni Mpishi wa Samaki.

Kila mwanzo wa Desemba Kanisa la Mashariki hufanya karamu ya samaki wa magadi katika ukumbi wa chini. Huyo samaki hukaushwa mpaka awe ubao, kisha hulowekwa kwenye magadi, kisha kwenye maji, kisha huchemshwa ndani ya vifuko vya kitambaa na kuliwa na siagi ya kuyeyushwa na chapati za viazi. Harufu yake inafika barabara kuu kabla ya kibao cha kanisa. Siri yote iko kwenye kumtoa. Ukiwahi, ni mpira. Ukichelewa kwa muda wa kupiga chafya, ni uji. Kwa miaka mingi kuliko umri wangu, mwenye kujua wakati huo alikuwa Mzee Palmer Lokken. Alisimama mbele ya sufuria, hakuonja, hakusema. Alinyanyua kidole tu, na akina mama wote wa jikoni, wale wale wasiomtii hata mchungaji, walikimbia na sinia.

Mwaka wa habari hii magoti ya Mzee Palmer yaligoma. Akatangaza anahamia Fargo kwa binti yake.

Nataka uelewe cheo hicho maana yake nini. Mpishi wa Samaki hafananishwi na mtu. Hakuna atakayemshika bega dukani amwite jina la mwingine. Akipita, watu watasema, "Yule Mpishi." Hawatasema, "Yule, au yule mwenzake?" Nilikitaka. Yaani, Trent alikitaka. Mimi nilikuwa tayari tu kukipokea kama kingekosa mwenyewe.

Basi Trent akaanza vituko. Theluji ya kwanza ilipoanguka, niliamka alfajiri nikakuta njia ya mama yangu imeshafagiliwa hadi barabarani. Koleo la Trent, naujua mkono wake, anaacha kingo kama mkate uliokatwa. Wema gani huo? Huo ni uchokozi. Siku iliyofuata niliamka mapema zaidi nikaifagia ya mama yake. Yeye akaamka mapema zaidi ya hapo. Ikafika mahali tunapishana gizani, kila mmoja na koleo begani akielekea kwa mama wa mwenzake.

"Habari za asubuhi, Bryce."

"Nzuri, Trent. Umelala?"

"Sana. Wewe?"

"Kama gogo."

"Macho mekundu lakini."

"Baridi tu, kaka. Yako je?"

"Baridi."

Mama zetu wawili hawajawahi kuwa na raha kama majira yale.

Kanisani mambo yalikuwa vilevile. Wote wawili tulikuwa wabeba sinia wa Mzee Palmer tangu tukiwa na chunusi. Mtu akitaja habari ya mpishi mpya, Trent anawahi: "Mimi? Hata yai linanishinda." Nami siwezi kumwacha anizidi, nasema, "Afadhali wewe. Mimi nilishaunguza maji." Yeye: "Maji yanaungua?" Mimi: "Kwangu yaliungua." Watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Kwa wiki nzima nilikuwa naongoza kwa upumbavu.

Jumapili ya uteuzi ikafika. Hapo ndipo unapaswa kumjua Mchungaji Archuleta. Alikuwa ametuhamia kiangazi kile kutoka New Mexico, mwanamke mchangamfu, anayecheka kwa sauti na kutia pilipili kwenye kila kitu. Alikuwa na kasoro moja tu, alikuwa anaamini watu wanachosema.

Tulikuwa wote chini ukumbini, na kahawa. Akasimama.

"Wapendwa, Mzee Palmer anatuacha. Jina la Trent nimelisikia mara nyingi. Trent, utakubali kuwa Mpishi wetu wa Samaki?"

Trent akainamisha kichwa vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. "Hapana, Mchungaji. Wapo wanaofaa kuliko mimi."

"Sawa," akasema Mchungaji. "Asante kwa kuwa mkweli."

Akapita!

Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Kikombe cha mtu kilianguka. Trent alibaki kainama, anasubiri mara ya pili, kama mtu aliyenyoosha mkono kusimamisha basi, na basi likampita. Katika maisha yangu sijaona kitu kitamu kama uso ule. Nilimwonea huruma sana. Huruma ilinibana mpaka nikalazimika kuziba mdomo kwa leso.

Halafu Mchungaji akanigeukia. "Na wewe, Bryce? Unaonaje?"

Sasa tazama. Nimeshaona kwa macho yangu kuwa mama huyu anauliza mara moja tu. Najua. Mtoto wa chekechea angejua. Neno lenyewe ni fupi, ndiyo, linatoka bila hata kufungua meno. Lakini ukumbi mzima unanitazama. Mtu anayesema ndiyo mara ya kwanza mbele ya Walutheri wa Haldis, wajukuu zake watazungumzwa. Nikafungua kinywa, na ulimi wangu, uliofunzwa na mama na bibi na mama wa bibi, ukajibu wenyewe:

"Hapana, Mchungaji. Mimi ni wa kubeba sinia tu."

"Sawa," akasema. "Basi kamati itatafuta."

Trent aliinua kichwa. Nikasikia anakohoa. Mtu anayekohoa hatikisiki mabega namna ile.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Mchungaji. Nisingeweza kujiombea, nina heshima zangu. Nilikwenda kumwombea mwenzangu, kwa matumaini kwamba nikishamsifu Trent vya kutosha, mtu mwenye akili atajiuliza huyu mwenye moyo mzuri hivi ni nani.

"Mchungaji, ni kuhusu Trent. Ana huzuni. Anaitaka ile kazi sana, ila ana haya. Mimi nisingependa kuona anaumia."

Mchungaji alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaanza kucheka.

"Bryce, mlango uliousukuma ulikuwa bado unatikisika. Trent ametoka sasa hivi. Kaniambia maneno hayohayo kuhusu wewe. Hata hilo la haya."

"Alisema nina haya?"

"Alisema unaumwa kwa kuitaka."

"Muongo!"

"Kwa hiyo huitaki?"

Angeuliza mara tatu ningemjibu.

"Mimi naona hivi," akasema, anapiga makofi kama aliyegundua moto. "Kila mmoja anampenda mwenzake. Mtapika wote wawili! Sufuria mbili, jiko moja. Mmefanana sana, mtaelewana."

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakusema lolote kuhusu mafahali wawili waliovaa aproni.

Siku ya karamu watu walijaa hadi kwenye ngazi. Magharibi walikuja wote, kama kila mwaka, wamevaa nguo nzuri na nyuso za majaji. Mimi na Trent tulisimama bega kwa bega mbele ya jiko la gesi, sufuria yake kushoto, yangu kulia, aproni zetu zimefuliwa na mama zetu hadi zinasimama zenyewe. Mzee Palmer alikuwa kakaa kwenye kiti karibu na friji, magoti yamefungwa kitambaa cha sufu, ameapa hatasema neno.

Maji yakachemka. Vifuko vikaingia. Trent hakuangalia samaki wake, aliangalia wangu. Ilibidi na mimi niangalie wake, ili nijue kama anaangalia.

Trent aliitwa nje kidogo kusaidia kubeba meza. Mimi nilibaki palepale, mikono nyuma, sikugusa kitu. Alirudi.

"Wako yuko tayari, naona," akaniambia.

"Wako ndiye yuko tayari. Toa wewe kwanza."

"Hapana bwana, wewe kwanza. Wewe ndiye fundi."

"Fundi gani? Niliyeunguza maji? Toa, kaka."

"Siwezi kukutangulia."

"Nami siwezi kukukosea adabu."

Kila mmoja alijua hesabu yake. Anayetoa kwanza, samaki wake ndiye atakayeonjwa na midomo yenye njaa na hasira; wa pili atalinganishwa na wa kwanza na kuonekana mtamu. Kwa hiyo tulikuwa tunasukumana mbele kwa adabu, kama watu wawili mlangoni, na akina mama wameshika sinia, wanageuza shingo kushoto, kulia.

"Jamani nyie," akasema Mama Solberg, "samaki."

"Mwambie Trent, mama," nikasema.

"Mimi ndiye mama wa Trent!"

"Basi mwambie mwanao."

Mzee Palmer alianza kutoa sauti kooni. Kidole chake kilinyanyuka chenyewe, kikaanza kutetemeka hewani, lakini hakuna aliyemwangalia, tulikuwa tunaangaliana.

Tulipotoa hatimaye, tulitoa pamoja. Wangu alikuwa laini kupita kiasi, anayumba kwenye sinia, lakini bado ungemtambua kuwa aliwahi kuwa samaki. Wa Trent alipita kwenye kitambaa. Alichuruzika. Moto wa upande wake ulikuwa mkali mno, gesi ina mambo yake, Mungu mwenyewe anajua. Walimpakua kwa kijiko cha supu.

Kule mezani mkuu wa Kanisa la Magharibi alionja samaki wa Trent. Akameza. Akafuta mdomo, akatabasamu, akasema kwa sauti ya wastani:

"Hii ni... tofauti."

Hapa kwetu mtu anaweza kukuita mwizi mkasalimiana kesho. Lakini akikuambia chakula chako ni tofauti, uza nyumba. Nilimwona Trent akivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akatoka kwenye theluji bila koti. Mama yake akamfuata na koti. Mimi nilibaki napokea pole. Watu watatu waliniita Trent, lakini wa nne akaniita Bryce bila kukosea, na moyo wangu ukaruka.

Baada ya Krismasi kamati ikaita kikao kingine. Ya Trent yalikuwa yamekwisha. Hiyo hata Wabaptisti walijua. Kilichobaki ni mimi. Na nikasikia habari njema zaidi, kwamba Bibi LaVonne Brekke, ambaye ameandaa chapati za viazi katika jiko lile tangu kabla halijawa na umeme, alimkalisha Mchungaji chini akamweleza namna watu wanavyoulizwa hapa Haldis. Mara tatu. Si moja, si mbili.

Nilikwenda nimeoga vizuri. Trent alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mchungaji akaanza na yeye, kwa adabu. "Trent?"

"Hapana, Mchungaji," akasema Trent. Na hakuna aliyehitaji kumuuliza tena, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika historia ya ukumbi ule mtu alikuwa amesema hapana akamaanisha hapana. "Mlikula wenyewe. Sijui nilikosea wapi. Nilipanga moto vilevile kama Mzee Palmer alivyonionyesha. Nimewaza mpaka nimechoka. Pengine sina mkono."

Nikasimama. Nilisema maneno mazuri. Nikasema gesi haina rafiki, nikasema yeyote angeweza kukoleza moto kupita kiasi, nikasema tumsamehe Trent kama tungependa kusamehewa sisi. Akina mama wawili walitoa leso.

"Bryce," akasema Mchungaji, anatabasamu, ananionyesha kuwa amejifunza, "utakuwa Mpishi wetu wa Samaki?"

"Hapana, Mchungaji. Wapo wanaofaa."

"Bryce, tunakuomba."

"Hapana jamani," nikasema, kwa sauti ya chini kidogo.

Mchungaji akavuta pumzi ya tatu. Nami nikaandaa uso wangu.

"Mchungaji, ngoja kwanza," akasema Bibi LaVonne. Aliweka kikombe chake juu ya kisahani polepole, bila kelele. "Mimi siku ile nilikuwa stoo, nafunga chapati. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Trent alipotoka kubeba meza, nilimwona mtu kainama kwenye jiko. Upande wa kushoto. Akageuza kidude cha moto mpaka mwisho."

Friji ikasikika ikinguruma.

"Nikajiambia ni Trent mwenyewe," akaendelea, "maana nyie mkiwa mmeinama hamtofautishiki. Ndiyo maana nimekaa kimya muda wote huu. Lakini leo Trent anasema aliacha moto vilevile. Na Trent simjui kwa uongo."

Trent alisimama kule nyuma. Alinitazama tu.

"Bibi," nikasema, nikacheka kidogo, "kweli niliinama. Nilikuwa nafunga kamba za kiatu."

Bibi LaVonne alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mtu aliyetia sukari kwenye chapati.

"Siku ile ulivaa buti za mpira, mwanangu. Zile za manjano. Hazina kamba."

Watu wote, Mchungaji na Mama Solberg na mama yangu mzazi, wakainama kwa pamoja wakachungulia chini ya meza, miguuni kwangu.

Nilikuwa nimezivaa.